Inchi Iliyokuwa Chini ya Mihogo

Juzi mujukuu wangu alinionyesha inchi ya uchawi aliyoibuni. Akauliza kama naielewa! Shule niliiacha mapema, lakini inchi ya namna hiyo niliijenga mbele ya baba yake kuzaliwa.

Ilikuwa kijijini kwetu Kibabi, ndani ya shimo la maji ambamo mama zetu walilowesha mihogo. Mimi na rafiki yangu Zawadi tuliipa mufalme na sheria moja: kitu kichungu kikilala mule, kinatoka kitamu. Mihogo yenyewe si ilikuwa inatuonyesha?

Basi mama zetu wakagombania mupaka wa shamba la maharagi, wakatukataza kucheza pamoja. Muchana ule tuliiba vitambaa vyao vya kichwa, vile vya kanisa, tukavizamisha na kuweka mawe juu. Harufu ya uchachu ilitujaa puani. Mapovu yalipasuka taratibu.

Zawadi akanong'ona, "Sikia, mufalme anaanza kazi."

Jioni mama zetu wakaja kutoa mihogo, kila mutu upande wake. Mama akavuta kitambaa. "Yesu! Hiki njo changu?"

Mama Zawadi akavuta chake. "Changu iko inanuka kuliko chako!"

"Dada, kesho padiri atakimbia altare."

Wakacheka mupaka wakakaa chini. Kisha wakatuchapa, kila mama na mutoto wa mwenzake.

Leo najua kicheko njo kiliwapatanisha. Siku ile tulipanda kilima mbio, matako yanawaka, tukipiga kelele, "Sheria imeshika! Imeshika!"

Zawadi alikuwa anahema. "Sasa tuzamishe kofia ya mwalimu wetu mukali!"