Baba Aliponisema Mbele ya Bodi

Wiki mbili kabla bodi ya shule haijaja hatukusoma kitu. Nasema bila kuficha, kwa kuwa wengi wa masista waliotulea wamekwisha kututangulia, na walio hai watanisamehe. Tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukapaka mashina ya mikaratusi, na ng'ombe wa misheni naye angesimama tungempaka. Tulikwangua masizi jikoni mpaka kucha zikaisha. Mpishi wetu, mama wa makamo, mwenyeji wa pale pale, alisimama mlangoni mwa jiko lake akasema anaogopa kuingia asije akalichafua.

Ilikuwa shule ya wasichana, ya maarifa ya nyumbani, juu ya kilima nje kidogo ya Kasulu. Shule nyingi za misheni zilikwisha kuchukuliwa na serikali miaka hiyo. Yetu ilibaki kwa Kanisa, nadhani kwa sababu hakuna aliyevitamani vyerehani vyetu vibovu. Ulimaliza darasa la saba, ukaja pale miaka miwili kujifunza kushona, kupika, kulea watoto wachanga, hesabu kidogo na dini nyingi. Halafu ulirudi kwenu kuolewa. Wote walirudi kuolewa, isipokuwa mmoja. Kila mwaka bodi ya shule ilichagua msichana mmoja wa kupelekwa hospitali ya misheni kusomea uuguzi, na Kanisa lilimsomesha mpaka mwisho.

Mwaka wangu, masista walipeleka kwenye bodi majina mawili: langu, na la rafiki yangu tuliyelala naye vitanda vya jirani, binti wa katekista wa kigango kimoja huko Kagerankanda.

Niliutaka uuguzi kwa uroho, sina neno jingine. Nilipokuwa mdogo nilimwona muuguzi mmoja kwenye zahanati ya Kibondo, mwanamke mfupi mwenye viatu vyeupe, akiwaambia wanaume wazima "Fungua mdomo," na wanaume wale, ambao nyumbani hawaambiwi kitu na mwanamke, wakafungua. Tangu siku hiyo nilikuwa najua ninachokitaka duniani. Sikuwaza kuwahudumia wagonjwa kwa upendo kama tulivyofundishwa kujibu. Niliwaza viatu vile, na vinywa vile vilivyofunguka.

Na upande wa pili palikuwa na Titye. Shangazi yangu aliolewa huko, na alikuwa amekwisha kunitafutia mchumba, kijana wa jirani zake. Ndugu wa kijana walikuwa wamefika kwetu Nyabibuye mara moja. Baba aliwapokea vizuri, akawapa pombe, kisha akawaambia wangoje bodi ikae kwanza. Kusema hivyo mbele ya watu waliotembea siku kadhaa si jambo dogo. Mama aliniambia baadaye kwamba wale wageni walicheka, wakauliza bodi ni nani katika ukoo wetu.

Kwa alama nilikuwa mbele. Hili sisemi kwa kujisifu, na ninyi mtaona punde kwa nini naogopa kujisifu hata leo na uzee huu. Sista mkuu, Mzungu aliyejua Kiswahili kizuri kuliko sisi ila Kiha chetu hata neno, aliniita akaniambia nisiwe na wasiwasi, kazi yangu inajisemea yenyewe. Rafiki yangu naye alijua. Alikwisha kuniomba nikifika huko nimwandikie barua.

Lakini mwaka ule bodi ilikuwa na mwenyekiti mpya, padri aliyetoka jimbo la mbali. Padri huyu alitaka kuwaona wazazi. Alisema bodi zilizopita ziliangalia madaftari tu, na msichana hulelewa nyumbani, kwa hiyo mzazi wa kila mmoja aje aseme mtoto wake ni mtu wa namna gani. Wazo zuri, kwa kweli. Hata sasa sijaweza kulichukia.

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo kwetu halielezwi, maana kila mtu analijua. Kwetu mzazi hamsifu mtoto wake mbele ya mgeni. Jirani akimwambia mama yangu, "Umejaliwa binti," mama alijibu haraka, "Binti gani? Kajinga kangu hako." Mtu anayesifu cha kwake anakionyesha kwa wenye macho mabaya, tena anamwaibisha mgeni ambaye pengine hana. Kadiri mtoto alivyokuwa mzuri ndivyo alivyosemwa vibaya, na kila aliyekuwa akisikiliza aliyageuza maneno yale akapata hesabu sawasawa. Mtoto ambaye wazazi wake hawakumsema kabisa, huyo ndiye aliyekuwa na kasoro.

Baba alifika siku moja kabla, kwa lori la mizigo na kwa miguu, kabeba asali ndani ya kibuyu. Alikuwa amevaa koti lake la siku alizorudi kutoka Tanga, alikokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Kiswahili chake chote alikiokota huko. Alikuwa anacho cha kuulizia bei na cha kuombea ruhusa kwa mnyapara, basi. Alinitazama kutoka juu mpaka chini na ile sare iliyonyooshwa, akasema kwa Kiha, "Wamekukondesha." Nikajua amefurahi.

Bodi ilikuja kwa Landrover mbili, imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Tuliimba. Walikagua vyerehani, wakakagua jiko jeupe, wakala wali na kuku. Kisha wakakaa darasani kwenye viti vya kanisani, mwenyekiti katikati, na mkono wake wa kuume mama mmoja mnene mwenye miwani aliyekuwa akiandika kila kitu. Mimi na rafiki yangu tuliwekwa kwenye benchi ukutani, mikono mapajani. Mpishi alikuwa akizunguka na birika la chai.

Katekista alianza. Alikuwa mtu wa misheni tangu utoto wake, amezoea kusimama mbele ya watu na kushuhudia, na alijua wageni wa namna ile wanataka kusikia nini. Alisema binti yake ni mtiifu, anaamka mapema, ana huruma kwa wagonjwa, alimuuguza bibi yake mpaka siku ya mwisho bila kunung'unika. Yote yalikuwa kweli. Rafiki yangu aliinamisha kichwa kwa aibu, na mimi nilimwonea huruma kwa kuwa na baba wa kusema hivyo hadharani.

Akaitwa baba. Alipiga magoti nusu, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyowasalimu wakubwa, akauliza habari za huko walikotoka, na watoto wao, na ng'ombe, na mvua. Mwenyekiti alijibu mbili tatu, kisha akatazama saa. Yule mama mwenye miwani akasema kwa upole, "Mzee, tueleze. Huyu binti yako ni mtu wa namna gani?"

Baba alicheka kidogo. "Huyu?" akasema. "Mama, huyu hana kitu. Mvivu huyu. Kichwa kigumu. Ukimtuma maji, jua linazama. Mimi nimeshindwa, na mama yake ameshindwa. Sijui nyinyi wakubwa mmeona nini kwake."

Kutoka mlangoni mpishi aliguna ule mguno wa watu wetu wa kukubali, akamtazama baba kwa macho ya heshima. Yeye alisikia kila kitu. Na mimi, nikiwa pale kwenye benchi, nilijisikia joto kifuani. Hapa ndipo ninapojilaumu. Baba hakuwahi kunisema hivyo mbele ya mtu yeyote, kwa maneno mengi namna ile, tena kwa Kiswahili, tena mbele ya mapadri. Nilijua ananisifu kuliko alivyowahi kumsifu ng'ombe, mke au shamba. Nilikuwa na miaka miwili pale shuleni, nilikuwa nimejifunza kusema na masista namna ya masista, ningeweza kuinua mkono nikasema, "Samahani, kwetu husemwa hivi." Haikunijia. Nilikaa nikijivuna.

Nilimwona yule mama akiandika.

Jina lilisomwa saa kumi, mbele ya shule nzima. Lilikuwa la rafiki yangu. Watu walipiga makofi, yeye akanigeukia akiwa amefungua mdomo, hakupiga kelele wala hakucheka. Alianza kulia. Mimi nilipiga makofi na wengine, nadhani niliyapiga kwa muda mrefu kupita wote.

Sista mkuu aliniita ofisini kabla sijafunga mizigo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema walibishana, alisema yeye alionyesha madaftari yangu, lakini wajumbe walisema mgonjwa hawezi kuachiwa mtu mvivu, na kwamba hili hawakulitoa kwa adui yangu, wamelisikia kwa baba mzazi. "Kwa nini alisema vile?" aliniuliza. "Hakutaka uende?" Nilimweleza. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono kichwani, na kwa dirisha tuliyaona magari ya bodi yakiteremka mlima.

Kizuri chajiuza, wanasema Waswahili. Sijui waliuzia soko lipi.

Kesho yake niliondoka na baba. Tulitembea nusu siku. Yeye alikuwa akinitazama kwa pembeni, na nilijua hajaelewa; alidhani kuna jina la pili litakaloitwa, au kuna barua. Tulipokaa kupumzika akamenya ndizi, akanipa kubwa, akauliza kwa Kiha, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "wale watu walikukataa kwa nini? Mbona nilikusema vizuri?"

Ningeweza kumwambia chochote. Ningeweza kusema nafasi ilikuwa moja, au Mungu hakupenda, naye angeridhika. Lakini nilikuwa na hasira ya siku mbili, na hasira hasara. Nilimwambia kwa Kiswahili, makusudi, lugha ile ile aliyoitumia, "Ni wewe. Umesema mimi mvivu. Wameandika. Umenimaliza wewe."

Aliiweka ndizi yake juu ya jani, akabaki ameitazama. Nilimwona akiyarudia maneno yake moja moja, midomo ikicheza bila sauti, akiyasikia sasa kwa masikio ya wale waliokaa mbele yake. Halafu aliinuka akachukua mzigo wangu pamoja na wake, akatangulia. Hatukulizungumza tena, siku ile wala nyingine.

Watu wa Titye walirudi baada ya mavuno ya maharage. Ilikuwa asubuhi, na kwa desturi nilikuwa chumba cha ndani, nachambua maharage kwenye ungo, nisionekane. Niliwasikia wakisalimu, "Mwakeye, mwakeye," nikasikia mirija ikishushwa ndani ya mtungi wa pombe. Msemaji wao alianza maneno yake ya kuzunguka, kwamba wamepotelewa na ndama na nyayo zake zimeingia hapa. Alizungumza kwa Kiha, kama ilivyopasa. Wote walikuwa Waha, hakuna mgeni hata mmoja.

Baba alipaswa kujibu kwamba hapa hakuna ndama, kuna kitu kibovu tu kisichofaa. Badala yake alikohoa, akaanza kusema kwa Kiswahili.

"Mabibi na mabwana wakubwa," alisema. "Mimi ni baba yake. Binti yangu ni hodari. Haraka sana. Yeye anaamka kabla ya jogoo. Anasoma barua za kijiji kizima. Mtoto akiumwa, yeye anashika vizuri, mkono wake hauumizi. Darasani yeye ni wa kwanza. Si mvivu. Ile ilikuwa maneno ya mdomo tu. Naomba muandike, si mvivu."

Alikuwa amejifunza maneno hayo. Maneno mengine hakuyajua alipotoka Tanga. Aliyatafuta kwa watu, sijui kwa nani, labda kwa wenye maduka pale Kibondo, akayapanga, akayashika kwa moyo wakati sisi tukidhani yuko shambani. Alitoa hotuba yote, akimaliza sehemu moja anatulia kidogo, kisha anaendelea.

Mmoja wa wageni aliuliza taratibu kwa Kiha kama mzee ni mgonjwa. Mama alicheka kicheko cha kuficha, akasema ni pombe, ameanza mapema. Mirija ikarudi mtungini, na mazungumzo ya ndama yakaanza upya kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa udongo, hatua tatu kutoka alipokaa. Niliolewa mwezi uliofuata. Baba aliishi miaka mingi baadaye, nilikuwa nikija kumwona, tulikula pamoja, nilimfulia lile koti. Sikumwambia kamwe kwamba siku ile nilimsikia.