Kizimba cha Bi Zuhura

Ukimwona fundi Isihaka Chande akinywa chai, utadhani anakiogopa kikombe. Hukinywea kwa upande wa kushoto, maana upande wa kulia mdomo wake wa chini una kovu jeusi. Watoto wa mtaa wa Chikongola, Mtwara, humtania kwamba alibusu pasi ya mkaa, naye hucheka nao. Kovu hilo alijitia mwenyewe mwaka wa sabini na mbili, na bado anaona halitoshi.

Chande alikuwa seremala hodari, na kwa majivuno ndiyo usiseme. Bawaba za milango yake hazikulia. Ukimwambia meza yake inacheza, alilaumu sakafu yako.

Jirani yake, Bi Zuhura, alikuwa mjane aliyempikia mtaalamu mmoja Mzungu wa mikorosho kule Naliendele. Mgeni yule alipomaliza mkataba wake, alimwachia simbilisi wanne, vinyama vya manyoya visivyo na mkia. Majirani walimcheka kwa kufuga wale aliowaita Chande panya wa kizungu. Bi Zuhura hakujali. Aliwapa majina na kuzungumza nao, na mkamwana wake, Mwanakombo, aliwakatia majani kila asubuhi.

"Fundi, nataka pahali pa salama," alimwambia Chande. "Nyoka asiingie, nguchiro asiingie, siafu wasipande. Na hawa wanatafuna, meno yao hayatulii."

"Niachie mimi, Bi Zuhura."

Akaachiwa. Alipigilia waya wa matundu madogo hata kidole cha mtoto kisipite. Miguu ya kizimba aliisimamisha ndani ya makopo ya maji na mafuta ya taa, siafu wakome. Juu aliezeka makuti ili simbilisi wasiungue na jua. Kikabaki kitu kimoja, mchwa. Mbao zilikuwa za mwembe, na mbao za mwembe mchwa hawaziachi. Hapo Chande akafanya kama wafanyavyo mafundi wengi wa kwetu: akachemsha mafuta ya maganda ya korosho, akazipaka mbao zote, nje na ndani, zikang'aa nyeusi. Kabla ya kupaka alijisugua majivu mikononi, kwa sababu mafuta yale hubabua ngozi na kila mtu wa Mtwara analijua hilo tangu utotoni. Mikono yake aliikumbuka.

Siku ya tano simbilisi wote wanne walikuwa wamekufa.

Bi Zuhura alimwita aje atazame kama kuna mahali nyoka amepenya. Chande alipoinama aliona midomo imevimba na kutoka malengelenge. Aliona na ufito wa ndani umetafunwa, rangi nyeusi imetoka, weupe wa mti umebaki. Akajua ni yale mafuta. Nyuma yake Mwanakombo alikuwa amesimama analia, na Bi Zuhura anamkazia macho.

"Umewapa majani ya mhogo mchungu," Bi Zuhura alisema. "Nilikukataza."

"Sikuwapa, mama. Wallahi sikuwapa."

"Fundi, kizimba kina tundu?"

"Hakina," alijibu Chande. "Kizimba kizima."

Lilikuwa neno la kweli, na ndiyo maana lilimuuma. Alirudi nyumbani akajiambia atasema kesho, mama wa watu akishapoa. Kesho yake akasikia Hassani, mwana wa Bi Zuhura na mume wa Mwanakombo, amemrudisha mkewe kwa mama yake mzazi, Msimbati. Akajiambia atarudi tu, ugomvi wa nyumbani huo. Aliona haya, basi. Fundi aliyesifiwa mji mzima ataanzaje kusema amejenga kizimba cha kuua? Siku nane alipiga randa bila kujua anapiga ubao gani.

Siku ya tisa Hassani alimfuata karakanani.

"Shikamoo, fundi. Mama amesema mwanamke mwongo hakai nyumbani kwake. Kesho naandika talaka. Wewe uliona kwa macho yako, uwe shahidi wangu."

Chande aliweka randa chini. Alimpita mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi uani kwa Bi Zuhura, Hassani nyuma yake.

"Bi Zuhura, wale hawakufa kwa mhogo. Nimewaua mimi, kwa mafuta ya korosho."

"Fundi, acha kumsitiri yule binti."

Basi Chande akapiga magoti mbele ya kizimba, akaung'oa ule ufito uliotafunwa, akauuma. Akaukaza mdomoni na kuutafuna, Bi Zuhura akimwambia aache. Mwanzo hakusikia kitu, kisha ukaja moto. Alipoutoa, mdomo ulikuwa umeanza kuvimba, na mama yule aliutazama mdomo, akautazama ufito, akakaa chini kwenye mchanga.

"Nimemfukuza mtoto wa watu," alisema.

Kesho yake walipanda lori la Msimbati, wote watatu. Walimkuta Mwanakombo uani kwa mama yake anamenya mhogo. Aliwaamkia mmoja mmoja kama inavyopasa. Chande hakungoja kukaribishwa. Alieleza yote pale pale aliposimama, maneno yakimtoka kwa shida kwenye mdomo uliovimba.

Mwanakombo alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja.

"Ulijua lini, fundi?"

Angeweza kusema jana. Hakuna ambaye angejua.

"Siku ile ile."

"Mimi nimesimama pale nalia?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mwanakombo aliweka kisu juu ya ungo, akaingia ndani. Chande alidhani amekwenda kulia, au kuwaita wajomba zake waje wamfukuze, na moyoni alitamani iwe hivyo. Mwanakombo alirudi na bakuli la maji, akampa kwa mikono miwili. Kisha, alipouona ule mdomo vizuri, akalisogeza bakuli, ukingo uelekee upande wa kushoto, usio na kidonda.

"Kunywa, fundi," alisema. "Mmetoka mbali."