Papa wa Baridi Mbele ya Baba Mkwe

Mzungu niliyempikia kule migodini Geita alitoka nchi moja ya baridi huko kaskazini, na ukutani hakutundika picha ya mfalme wala ya mkewe. Alitundika papa. Papa wa bahari ya kwao, aina zote, wamepangwa kuanzia mkubwa hadi mdogo. Niliona ana kasoro kichwani, lakini alikula chochote nilichounguza, kwa hiyo tulielewana.

Siku baba mkwe wangu mtarajiwa alipokuja kunikagua, mzungu alifurahi kupata mgeni, akamvuta moja kwa moja hadi ukutani. Mzee alikuwa mfugaji wa Shinyanga; bahari hajaiona, Kiswahili hajui. Ikabidi niwatafsirie, Kiswahili cha mzungu na Kisukuma cha mzee. Kabla ya kuondoka angesema kama ananipa binti yake au hanipi.

Mzee aliwakagua papa kama anayekagua ng'ombe mnadani. Huyu mkubwa kuliko wote anauma? Hapana, anaogelea mdomo wazi, anameza vidudu tu.

"Mwili wote huo, bure kabisa," akasema.

Na huyu wa kwenye barafu? Nyama yake mbichi inalevya hata mbwa. Mzee alimtazama huyo kwa muda mrefu, tena kwa heshima.

Kisha mzungu akagusa papa mdogo mwenye miiba miwili mgongoni. Huyu hatagi, akasema. Anazaa, na mimba yake hukaa karibu miaka miwili. Akachukua penseli, akamchorea mzee tumbo na vitoto ndani yake.

Kwetu, mbele ya mkwe hutaji mimba. Na mimi siku ile nilikuwa na sababu yangu ya kuliogopa neno hilo. Nikasema, "Huyu amemeza samaki wadogo, hajawasaga bado."

Mzee akainamia mchoro. Kila kitoto kilikuwa na miiba yake miwili. Yeye alikuwa amezalisha ng'ombe maisha yake yote.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema taratibu, "mchungaji akimficha mwenye ng'ombe kwamba jike lina mimba, jua ana lake jambo. Huyu samaki ana mimba. Na binti yangu?"

Mzungu akaniuliza mzee amesemaje kuhusu papa wake. Nilimgeukia mzee. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Miezi mitatu, baba."

Mzee akachukua fimbo yake.

"Mwambie baba yako nakuja kukagua zizi lake," akasema. "Na huko sihitaji mkalimani."