Mtalii wa Butembo na Viatu Kwapani

Habari ya kifo chake ilinikuta Beni, kwenye kiti cha kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na wa pili bado. Kinyozi alizima mashine akasema, "Papa, ule muzee wa choral ya Butembo, ule mwenye alifikaka Inde, amekufa jana na mazishi ni kesho." Wasomaji wangu, mnajua jinsi ninavyoilalamikia barabara ya Butembo kila juma, mashimo yake na vizuizi vyake. Safari hii sikuilalamikia. Nilimwomba kinyozi amalize upande wa pili upesi, nikaenda kutafuta gari.

Marehemu aliuza vipuri vya pikipiki siku sita, na siku ya saba aliongoza kwaya parokiani kwa ukali ambao hata padri aliuogopa. Mwaka ule vita vya pili vilipoanza, alikuwa India kununua bidhaa. Huku nyumbani bibi yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Uwanja wa ndege ukafungwa, barabara zikafungwa, na siku baada ya siku hakupata hata neno moja kutoka nyumbani. Alikwenda dukani kwa mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia vipuri akaanza kulia mbele ya wateja. Mwenye duka alikuwa karibu kumpeleka mama yake kuhiji kwenye mahekalu. Akamwambia, panda gari, utakaa hotelini peke yako ufanye nini?

Basi rafiki yangu akawa mtalii, tena mtalii wa kusikitisha. Walizunguka ngome nyekundu, na kaburi la marumaru nyeupe ambalo mfalme alimjengea mke wake. Pale alikataa kuingia kabisa. "Miye bibi yangu sijue kama iko muzima, mais munanionesha kaburi ya bibi ya mwingine!" Walipanda miji ya milimani, yenye chai na ukungu, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Aliniambia baridi ile ilikuwa ya Butembo kabisa, hata alijikuta akiitafuta nyumba yake kwa macho. Kilichokosekana ni Wanande wenzetu tu, na waliokuwepo badala yao ni nyani.

Kwenye kila hekalu watu huacha viatu mlangoni. Sasa mwambie mtu wa Butembo aache viatu vyake nje, mahali asipomjua mtu! Yeye alivivua kwa heshima, akavifunga ndani ya gazeti, akavibana kwapani chini ya koti, na hivyo akaingia hekalu la kwanza, la pili, mpaka la tano. Yule mama mzee wa mwenye duka, aliyewahi kuishi Kampala na kujua Kiswahili vizuri, alivumilia wee, mwisho akachoka. "Baba," akamuuliza mbele ya mahujaji, "umekuja kuomba Mungu au kulinda viatu?"

Akaona haya. Akarudi mlangoni, akaviacha. Aliingia mikono mitupu, na kwa kuwa hakujua sala nyingine, akasali Salamu Maria kumi kwa ajili ya bibi yake, huku machozi yanamtoka. Alipotoka, viatu havipo! Vya wenzake vyote vipo, vyake tu ndivyo vimekwenda. Akatembea peku hadi kibanda cha simu, kujaribu tena kumpata ndugu yetu mmoja wa Kampala aliyekuwa akizungumza na Butembo kwa redio ya wafanyabiashara. Siku hiyo laini ikapatikana. "We, uko wapi?" ndugu yule akapiga kelele. "Bibi yako amezaa! Mutoto mwanamuke! Wote bako bazima!"

Aliporudi Butembo na kutusimulia, padri alitaka kujua alimwomba nani mle hekaluni. "Bikira Maria, mon père. Kanisa hapakuwa karibu." Padri akacheka, akamrudishia kwaya yake.

Mimi nilimcheka kwa miaka, na najuta kidogo, maana wakati huo sote tulikuwa hivyo hivyo. Nani hakuwa na mzigo umefungwa tayari kando ya mlango? Kutoka Eringeti hadi Lubero tulisalimiana tukichunguzana, tukasali jicho moja likiwa wazi, na mgeni akibisha tulihesabu kwanza sufuria. Vita vilitufundisha kubana kila kitu kwapani. Siku hizi, hata pale ambapo hakuna anayetukimbiza, mkono bado umekaza. Yeye peke yake, tangu safari ile ya India, alikuwa akiacha duka wazi akienda mazoezi ya kwaya, nasi tukamwita mjinga.

Kaburini, mvua ilikuwa imetoka kunyesha na udongo ulishika miguu. Mjane alivua viatu, akaviweka pembeni. "Yeye aliacha biatu yake kule Inde juu ya kuniombea miye," akasema. "Na miye naacha yangu juu yake." Wanakwaya wakavua, mmoja mmoja. Mimi nikavua pia, na kabla sijajijua, nimevibana kwapani. Mjane akaniona. Nikarudi nyuma na aibu yangu, nikaviweka pamoja na vya wengine, kisha nikatupa udongo kwa mikono miwili na kulia kama mtoto.

Tulipomaliza, vya wote vilikuwepo. Vyangu, hakuna.

Nilimfuata mjane kumuaga, matope hadi kwenye vifundo. Akatazama miguu yangu, akaziba mdomo, halafu akacheka, kicheko kikubwa, mpaka akashika bega langu asianguke. "Wasingya," akanishukuru, akijifuta machozi. Sikuuliza nani kavichukua. Nimejifunza ukubwani kwamba mpendwa haagwi kwa mkono mmoja, huku wa pili unalinda mali. Haya ninayaandika nikiwa nimevaa ndala za kuazima, na rafiki yangu nimemuaga vizuri.