Kiboksi cha Mia Moja

Picha ya mama ilirudi nyeusi tii, na yeye tulikuwa tumeshamzika. Shangazi aliigeuzageuza dirishani akauliza, "Mbona humu simwoni mtu?"

Leo nimeshika kiboksi cha filamu ambamo bibi alikuwa akiweka ugoro wake. Harufu bado imo, na ubavuni bado panasomeka mia moja.

Mama alikuwa ndani na kichanga, arobaini haijatimia, hatoki nje. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu, na mpiga picha wa stendi akaja kwetu Mwankoko akijisifu. "Shemeji, tulia hapohapo kitandani. Hii filamu mpya ni mia nne, inaona hata kivulini." Akazungusha namba ya kamera hadi mia nne, kiboksi akanitupia mimi.

"Mjomba, hapa pameandikwa mia moja."

"Mwenye duka kaniambia mia nne. Kwani wewe ndiye fundi?"

Mama akacheka, akaniambia ninyamaze asije akatoka vibaya pichani.

Baadaye yule fundi alimsingizia mwenye duka, mwenye duka akasema wameharibu waliosafisha picha. Mimi shule niliishia la nne, sikujua nimshike nani. Juzi ndiyo binti yangu kanieleza kwamba filamu ya mia moja inataka mwanga mwingi, mwanga wa kile chumba usingeitosha.

Wewe wa stendi, namba ulionyeshwa. Kichanga yule sasa ni mtu mzima, ananiuliza mama alifananaje, picha nyingine hatuna, nami sura yake naichanganya na ya shangazi. Njoo umjibu wewe.