Mtazama Masikio

Kila siku ya soko alikuja yule mwandishi wa gazeti la Tanga, kanzu imejaa vumbi, kalamu ya risasi mkononi. Hakununua kitu. Alipita taratibu kati yetu wanawake tuliouza maziwa na magadi, akatutazama masikioni, kisha akachora mstari mmoja mmoja kwenye karatasi. Tulimcheka. "Unatafuta mke?" nilimuuliza. "Hapana, mama," akajibu kwa sauti ya chini. "Wadachi wanasema waume zenu waliochukuliwa kubeba mizigo vitani ni wazima wote." Hapo nikamwelewa. Kwetu Waarusha, mwanamke huvua hereni zake za shaba mumewe akifa, na Wadachi hawajui kutazama masikio.

Tangu siku hiyo nikawa namwekea maziwa kibuyuni, naye kila akifika huzitazama hereni zangu kwanza, anatabasamu, ndipo anasalimu. Jana nilimwona akizungumza kwa muda mrefu na mpagazi aliyerudi peke yake. Kisha akaja, akachuchumaa mbele yangu, akayakataa maziwa. Alinisalimu huku akikitazama kibuyu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye hereni.