Bega la Mtani Wangu

Sisi watia rangi vitambaa wa Bamako tukishatia bazeni, kile kitambaa cha pamba cha sherehe, rangi na wanga, tunaipeleka kwa wapigaji. Wawili wanakaa wakitazamana, gogo katikati, kila mmoja na rungu lake la mbao, wanapishana mapigo mpaka kitambaa king'ae. Na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyeking'arisha kama Nianankoro Coulibaly. Nasema hivyo na sitaki ubishi.

Mwaka juzi rungu lake liliteleza kwenye ukingo wa gogo, mkono ukavutika, bega likachomoka na kurudi lenyewe. Wapigaji wana ugonjwa wao: pigo likikatika wanaona aibu kama waliokamatwa wakiiba. Kwa hiyo Nianankoro aliokota rungu akaendelea mpaka jioni. Kisha akaenda kwa fundi wa mifupa, akavutwa bega lile lile siku tatu na kukandwa kwa mafuta ya moto. Tangu hapo likawa linachomoka hata akivaa kanzu.

Mkewe Nakani alimkokota hadi hospitali. Nami nilifuatana nao, maana mimi ni Keita, yeye Coulibaly, watani tangu enzi za mababu, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, na mtani hakosi penye aibu ya mwenzake. Dada wa mazoezi ya viungo alimpapasa bega taratibu.

"Baba, bega halikai ndani ya shimo refu. Ni kama yai juu ya kijiko, linashikiliwa na kano. Zako zimelegea, na moja imechanika kidogo. Usivutwe tena, usikandwe kwa nguvu. Wiki mbili mkono uning'inie kwenye kitambaa shingoni, halafu mazoezi kila siku, miezi mitatu. Rungu usiguse mpaka nikwambie."

"Miezi mitatu? Idi kubwa itanipita, mwanangu."

"Idi inakuja kila mwaka. Bega la kulia unalo moja."

Wiki ya tano maumivu yalipungua, na kutopata maumivu kukamdanganya. Nilipeleka vitambaa nikamkuta amekaa kwenye gogo, rungu mkononi. Mwenzake Bakoroba, aliyekaa mbele yake, alikuwa anatazama chini. Nakani amesimama mlangoni, analia. Hakuna aliyethubutu kumkataza fundi mkubwa, basi mimi nikaenda nikaketi juu ya gogo.

"Mtumwa wangu, nani kakuruhusu?"

"Inuka, Wassa. Nyie akina Keita kazi yenu kuchafua vidole tu."

"Mla maharage kama Coulibaly wote, nisikilize. Wewe ni wangu, kwa hiyo na huo mkono ni wangu. Nani kakuruhusu kuharibu mali ya watu?"

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Kwetu mtani hajibiwi kwa hasira, ukikasirika umeshindwa. Nianankoro alinikazia macho, kisha akaliweka rungu chini.

"Mtumwa ni wewe," alisema.

"Haya, mtumwa anakwambia nenda ukutani ukafanye mazoezi yako."

Akaenda. Vidole vilitambaa ukutani, kila siku juu kidogo. Akafunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo ya mlango, akawa anauvuta, kiwiko kimebana ubavuni. Kila asubuhi nilipita kumtukana kidogo. Wiki ya Idi, mapigo ya wenzake yaliposikika mtaa mzima, alijifungia ndani. Nilimwonea huruma mno, ila sikumwambia.

Mwezi wa nne wa matibabu yule dada wa hospitali alimruhusu: aanze kidogo kidogo, rungu lisipande juu ya bega, na bega likichoka aache. Nilimpelekea vitambaa kumi na viwili vya harusi ya binti yangu, maana sikutaka mtu mwingine avipige. Wateja wakajaa kutazama. Mmoja akanong'ona kwamba mzee sasa anapiga kama anayebembeleza mtoto. Lakini kitambaa cha kwanza kiling'aa, cha pili kikang'aa, na cha tatu.

Hapo akasimamisha mapigo. Mbele ya watu wote akalaza rungu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Bega limechoka. Vilivyobaki kesho." Hakusingizia jua, wala gogo, wala Bakoroba.

Nimewahi kumwona Nianankoro akipiga vitambaa arobaini kwa siku moja. Sikuwahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia yeye siku ile ya vitatu.